Chuku za Kumlaza Bosi

Mara ya kwanza Bosi alipopewa dawa ya usingizi, aliyelala ni baba yake.

Baba mtu, ambaye ni kinyozi, husimulia hivyo mwenyewe mpaka leo, tena hapunguzi kitu. Binti yake wa miaka mitano alikuwa juu ya kitanda chembamba katika chumba cha matayarisho, dawa ameshaimeza, na nesi amesema wasubiri dakika ishirini. Taa zilikuwa zimefifishwa. Kiyoyozi kilipuliza ubaridi mtamu. Dakika ya kumi kinyozi akaegemea ukuta, ya kumi na mbili akaanza kukoroma. Bosi, ambaye kope zake zilikwisha kuwa nzito, akafungua macho, akamtazama baba yake, akacheka. Kisha akaona dari asiyoijua, akaogopa, akalia. Walipomwingiza kwenye mashine ya kupiga picha za kichwa akiwa nusu macho nusu usingizi, mashine ikagonga mara moja tu, naye akaruka kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Alipigana na mikanda, akang'oa kibanio cha kidoleni, akamtapikia mpiga picha viatu.

"Leo basi," alisema nesi wa usingizi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. "Dawa hii haiongezwi kama chumvi. Azinduke, mrudi naye nyumbani."

"Na picha?" aliuliza mama yake Bosi.

"Picha inataka alale bila kutikisika nusu saa nzima. Mmemwona wenyewe."

Na picha ilitakiwa sana. Kwa miezi mitatu mtoto alikuwa akiamka na kutapika kabla hata hajala. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kutazama pua. Siku hizi hata akitoka chumbani kwenda sebuleni alishika ukuta, kama mzee. Daktari alikuwa amesema wazi: bila kuona ndani ya kichwa hawezi kusema kitu, na hatabahatisha.

Nesi aliwatoa nje kwenye korido. "Sikilizeni. Mtoto akiwa na woga, dawa inashindana na woga wake. Kwa hiyo dawa nayo tunaisaidia. Wapo tunaowawekea sauti ya mvua, wapo tunaowawekea nyimbo. Nyinyi nileteeni sauti anayoijua, ile anayolala nayo. Tutaianza pale anapokunywa dawa, na kule ndani ataisikia kwenye hedifoni mpaka tumtoe. Alhamisi ijayo kuna nafasi. Ikishindikana tena, itabidi asubiri daktari wa usingizi mzito, na yeye huku kwetu huja mara moja kwa miezi miwili."

"Hata sauti ya baba inafaa?" kinyozi aliuliza.

"Inafaa," nesi akasema. "Ila si ile ya leo."

* * *

Saluni ya kinyozi ilikuwa na viti viwili, kimoja kizima na kingine cha kuning'inizia taulo. Wateja walimwita Profesa. Jina hilo alijipa mwenyewe, halafu akawa anajifanya kulikataa. Kazi yake, alipenda kusema, haikuwa kukata nywele bali kusoma vichwa. Kichwa cha mtu mwenye madeni, kichwa cha mtu anayetaka kuoa, vyote alidai kuvitambua kwa viganja tu.

Jambo la pili aliloamini kuhusu nafsi yake ni kwamba anajua kuimba. Basi kesho yake asubuhi alifunga mlango wa saluni, akaweka simu juu ya meza kati ya poda na chupa ya spiriti, akaimba. Aliimba nyimbo tatu za kubembeleza, moja akiitunga palepale. Alipomaliza alimfungulia mlango Mwalimu, mwalimu mstaafu ambaye alikuwa na nywele chache sana lakini alikuja kunyolewa kila wiki kwa ajili ya mazungumzo.

"Nipe maoni ya kweli, Mwalimu."

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, macho amefumba. "Ya kweli?"

"Ya kweli."

"Huyu mtu amekwama wapi? Wamempelekea msaada?"

Jioni Bosi alisikilizishwa. Aliziba masikio yake mawili kwa vidole, kwa adabu, kama mtu anayejikuna.

Akaja bibi, mzaa mama, na wimbo wake wa zamani. Huo ulikuwa na sauti nzuri kweli, kavu na tulivu, na hata kinyozi alianza kupiga miayo. Lakini Bosi alikuwa macho kodo.

"Bibi, yule mtoto asiyelala, fisi anamla mzima au anabakisha?"

"Ni wimbo tu, mjukuu wangu."

"Anaanzia wapi kumla?"

Wakaacha wimbo wa bibi. Mama akajaribu sauti ya mvua, aliyoipata kwenye simu. Mvua ilinyesha dakika nne, mtoto akaomba kwenda chooni. Ilinyesha tena, akaomba tena. Mama mwenyewe hakuimba. Alikuwa mpigachapa kwenye duka la vifaa vya ofisi, anachapa barua za watu siku nzima, na alisema sauti yake ni ya printa iliyoishiwa wino. Siku nne zilikuwa zimebaki, na ndipo alipofanya lile ambalo mpaka hapo watu wazima watatu hawakuwa wamelifikiria. Alimuuliza mtoto.

"Bosi, wewe unapenda kusikia nini ukiwa unalala?"

Bosi hakuwaza hata kidogo. "Baba akiwadanganya wateja."

Bibi alipata kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Mimi siwadanganyi wateja," kinyozi akasema.

Mkewe alimtazama tu.

"Nawaburudisha," akasema.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Kila siku, akitoka shule ya chekechea, Bosi alipitia saluni na kupanda kwenye benchi la wateja. Kwanza aliwaamrisha. "Wewe, inamisha kichwa! Wewe, usicheze miguu!" Hapo ndipo alipopata jina. Halafu, mashine ya kunyolea ikinguruma na baba yake akipiga chuku moja juu ya nyingine, alijikunja na kusinzia. Mama alipotoka kazini alimkuta hapo kila siku, amelala fofofo, na hata siku moja hakujiuliza kwa nini.

* * *

Kurekodi chuku si kazi rahisi. Kinyozi alipoiona simu inamtazama, ulimi ulimgeuka. Alianza kuongea kama msomaji wa taarifa ya habari. "Mpendwa mteja, karibu katika huduma zetu," alimwambia Mwalimu, aliyekuwa amekaa kitini na shuka shingoni.

"Unaumwa?" Mwalimu aliuliza.

"Naomba uinamishe kichwa chako kwa usalama wako."

Walijaribu mara tatu. Mara ya tatu, kwa mshtuko wa wote, alisema ukweli kuhusu bei. Mama akachukua simu yake, akasema basi, watamtafutia mtoto kitu kingine, akaaga. Ila hakuwa amekata tamaa. Kesho yake alikuja saluni kuleta chai, akapanga taulo kwenye rafu kwa muda mrefu kuliko taulo zilivyohitaji, na alipotoka, simu ilibaki nyuma ya kopo la poda, inarekodi. Saa moja na nusu baadaye alirudi kuchukua vikombe.

Usiku huo aliisikiliza peke yake jikoni. Kinyozi hakuambiwa kitu, ila kwamba "sauti imepatikana."

* * *

Alhamisi walikwenda wote wanne, bibi akiwa amevaa nguo zake za heshima na mkoba mweusi mapajani. Chumba kilikuwa kilekile. Nesi alifunga kibanio kwenye kidole cha Bosi, akachukua simu, akaiweka karibu na mto.

"Tunaanza sauti kwanza, dawa baadaye kidogo," alisema. "Baba, leo wewe ukae kwenye kiti kigumu."

Kwanza ulisikika mnguruko wa mashine ya kunyolea. Halafu, chumba kizima kikasikia sauti ya mtu aliyeridhika na nafsi yake kupita kiasi.

"...jenerali mzima! Nikamnyoa amelala. Alipoamka akajitazama kwenye kioo, hakusema neno, akatoa amri jeshi lote lije kwangu. Siku tatu sikukaa chini, Mwalimu. Siku tatu! Nilikuwa nakula nimesimama."

Kinyozi aligeuka. Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa akitazama mashine ya mapigo ya moyo.

"Ni mimi huyo?"

"Ni wewe."

Bosi alitabasamu, akafungua mdomo, akameza dawa bila ugomvi. Mpiga picha, kijana wa viatu vilivyotapikiwa, alikuja mlangoni kuangalia kama mtoto yuko tayari, akasikia habari za jenerali, akabaki hapohapo ameegemea fremu.

"Mama mkwe wangu?" sauti iliendelea, ikishindana na mashine. "Kile usikiite kichwa, Mwalimu, kile ni jabali. Siku moja nilimpunguza nywele kidogo tu, mashine ikavunjika meno matatu. Meno matatu! Hata alivyonishukuru, alinishukuru kama hakimu."

Bibi alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mama," kinyozi alinong'ona, "hayo ni mazungumzo ya..."

"Nyamaza wewe," bibi akasema bila kumtazama. "Mwache yule mwingine aongee, mtoto asinzie."

Kinyozi hakuwa na la kufanya ila kukaa kwenye kiti kigumu na kumsikiliza yule mwingine. Alijisikia akimuuzia mtu mafuta ya kuotesha nywele ambayo yeye mwenyewe hayaamini. Alijisikia akicheka mzaha wake kabla haujaisha. Huyu mtu, aliwaza, anachosha. Hawa wateja wananivumilia tangu lini? Kope za Bosi zilishuka, zikapanda, zikashuka.

Ndipo sauti ya Mwalimu ikauliza, ndani ya simu, "Na binti anaendeleaje?"

Mashine ya kunyolea ikazimwa. Kisha ikawashwa tena.

"Nani, Bosi? Hana kitu. Watoto wa siku hizi wanadeka tu, na madaktari nao lazima wapate kazi. Kile kichwa nimekishika mimi tangu kina utosi laini. Kingekuwa na kitu ningejua. Mimi nikishika kichwa najua."

Hakuna aliyecheka. Mpiga picha alitazama sakafu, akaondoka taratibu. Nesi aliinama, akagusa kope za mtoto kwa kidole kimoja, akasikiliza pumzi.

"Amelala," alisema.

* * *

Mzazi mmoja aliruhusiwa kuingia. Chuma hakiruhusiwi, kwa hiyo kinyozi alitoa funguo, sarafu, saa, kitana cha bati alichokuwa amekisahau mfukoni, na mwisho mkanda. Suruali ile ilikuwa ya miaka alipokuwa na kitambi. Akaingia ameishika kwa mkono wa kushoto.

Bosi alisukumwa ndani ya tundu la mashine, hedifoni za plastiki zimemfunika nusu ya uso, miguu peke yake ikibaki nje. Kinyozi, masikio yamezibwa kwa pamba, alishika kidole gumba cha mguu wa mtoto kwa mkono wa kulia. Mashine ikaanza kugonga kama mafundi bati kumi waliogombana. Yeye mwenyewe aliruka. Kidole gumba hakikutikisika.

Nusu saa alisimama hivyo. Humo chumbani alikuwa watu wawili: mmoja akiongea bila kukoma masikioni mwa mtoto, mwingine ameshika suruali na hana hata neno moja. Yule asiye na neno ndiye aliyekuwa akiona. Aliona jinsi mguu ulivyokonda. Aliona alama kwenye goti, mahali mtoto alipoanguka mwezi uliopita akiwa ameshikwa mkono na yeye, naye akamwambia atazame anapokanyaga.

Upande wa pili wa kioo, mpiga picha alimwinulia kidole. Imetosha.

* * *

Walikaa kwenye benchi la korido kusubiri daktari. Bibi alikuwa ndani na mtoto, ambaye alikuwa bado amelala.

"Uliisikia ile sehemu kabla ya kuileta?" kinyozi aliuliza.

"Niliisikia."

"Si ungeikata?"

"Nilitaka." Mkewe alikunja karatasi ya hospitali, akaikunjua. "Jana mchana nilimwekea nzima ili kujaribu. Akalala palepale, kwenye neno 'najua'. Nikasema basi, kama ndiyo inayomlaza, imlaze." Akaikunja tena karatasi. "Na nilitaka uisikie, Baba Bosi. Miezi mitatu nakwambia twende."

"Uliniambia."

"Ukasema anadeka."

"Nilisema." Akajaribu kucheka. "Profesa wa vichwa! Bora ningekuwa fundi viatu, angalau soli ikitoboka huwa naiona."

"Leo usinichekeshe."

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Mwalimu aliponiuliza nilizima mashine. Nikasema ningemkata sikio."

Mkewe aliuchukua mkanda wa suruali uliokuwa mapajani mwake, akampa. "Vaa basi. Daktari anakuja, usimpokee hivyo."

Daktari aliwaonyesha picha kwenye kompyuta. Kinyozi, aliyewahi kuona vichwa vya kila namna kwa nje, aliona kichwa cha mwanawe kwa ndani, cheusi na cheupe, na katikati kitu cha mviringo kama punje ya zabibu.

"Hiki ni kifuko cha maji," daktari alisema. "Kimeziba njia ambayo maji ya kichwani hupita, ndiyo maana anatapika, ndiyo maana jicho limepinda. Siyo ule uvimbe mbaya tuliokuwa tunauogopa. Kitatolewa kwa operesheni, na nina matumaini makubwa. Lakini msikae nacho."

"Daktari," kinyozi akasema, "mimi ni kinyozi. Namnyoa mwenyewe. Ningeweza kukihisi kwa mkono?"

"Hapana, baba. Kiko ndani mno. Hata mimi nisingekihisi."

Kinyozi alianza kushusha pumzi.

"Lakini kutapika mlikuona," daktari akaongeza, bila ukali, akageukia kuandika tarehe ya operesheni.

* * *

Bosi aliamka saa tisa mchana, mdomo umekauka. Alikunywa juisi, akatazama kila aliyekuwepo mmoja mmoja kama anayehesabu wafanyakazi wake, jicho moja likichelewa kufika. Kisha akamgeukia baba yake.

"Wameona nini kichwani?"

Kinyozi alikuwa ameshaandaa jibu. Lilikuwa na sungura wawili na duka la pipi, na lilikuwa zuri.

"Wameona..."

"Usinidanganye," Bosi akasema.

Mkewe aliacha kukunja shuka. Bibi aliacha kutafuta kitu kwenye mkoba. Kinyozi alisogeza kiti karibu na kitanda.

"Wameona kifuko kidogo cha maji. Ndicho kinachokuumiza kichwa na kukuangusha. Daktari atakulaza usingizi, atakitoa."

"Nitaumia?"

"Ukiwa umelala, hapana. Ukiamka utaumia. Siku kadhaa. Sijui ngapi."

"Wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo. Na mama, na bibi." Alikohoa. "Na watataka unyolewe. Nitakunyoa mimi."

Bosi aliwaza, akinyonya mrija ulioishiwa juisi. "Sawa," akasema. Halafu akataka kujua kama biskuti zipo, na zilikuwepo.

Walipokuwa wakitoka, nesi wa usingizi aliwafuata mpaka mlangoni, anaona haya kidogo. Kulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne Jumatatu, alisema, hamjui baba yake, amelelewa na dada zake, na kila sauti waliyojaribu imeshindikana. Wangemruhusu amwekee ile ya jenerali?

"Ile ya mama mkwe itolewe," kinyozi akasema haraka.

"Isitolewe," bibi akasema. "Watoto wapate usingizi."

* * *

Siku ya operesheni kinyozi alimnyoa binti yake wodini, dirishani penye mwanga. Amenyoa watu kwa miaka kumi na tisa, na anakiri mwenyewe kwamba hicho ndicho kipara kibaya kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Viraka vilibaki nyuma ya sikio, na mbele palikuwa na mistari kama shamba lililolimwa na walevi. Bosi alijitazama kwenye kioo kidogo.

"Mteja angekufukuza," alisema.

Mlangoni mwa chumba cha operesheni daktari wa usingizi aliuliza kama wamekuja na ile sauti aliyosimuliwa. Mama akatoa simu. Bosi akatikisa kichwa chake cheupe kwa poda.

"Leo aje mwenyewe."

Wakampa kinyozi gauni la kijani na kofia. Akaingia, akakaa kwenye kigoda karibu na kichwa cha mtoto, watu saba waliojifunika midomo wakimsubiri. Alifungua kinywa amlete jenerali. Jenerali hakuja. Hakuja waziri, hakuja mchezaji wa mpira, hata mmoja wa watu wote mashuhuri aliowanyoa kwa mdomo miaka yote ile.

"Baba, ongea," Bosi akasema chini ya barakoa.

Basi akaongea alichokuwa nacho. Alisema asubuhi aliamka akakuta mama amekwisha kuamka. Alisema chai ilikuwa imepoa lakini aliinywa. Alisema bibi amevaa viatu vipya na vinambana lakini hataki kusema, na Mwalimu ametuma salamu, na kwenye ngazi za hospitali kuna ngazi moja imevunjika pembeni, na alipopita hapo alimshika Bosi mkono kwa nguvu zaidi. Alisema saluni leo imefungwa, karatasi ipo mlangoni, ameandika kwa mkono wake, na mwandiko wake ni mbaya. Sauti yake ilikuwa ndogo. Hakuna hata jambo moja kati ya hayo lililostahili kusimuliwa mtu.

"Baba," daktari wa usingizi alimgusa bega. "Ameshalala. Zamani."

"Najua," kinyozi akasema, na haikuwa kweli. Akainuka, akatoka kwenye korido walikokuwa mkewe na mama mkwe, akakaa katikati yao. Saa tatu baadaye daktari alitoka na kuwaambia kwamba kifuko chote kimetolewa, na kwamba mtoto ameshaamka na ameuliza ni nani aliyeruhusu watu wote hawa kukaa kwenye chumba chake.